Boila ya nyumbani: pima jamaa, pima umeme, pima ukuta



Kila mwaka, mwezi wa 6 na mwezi wa 7, baridi inashuka juu ya Katanga. Lubumbashi iko karibu metre 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita metre 1,400. Ndiyo sababu usiku wetu wa wakati wa baridi ni mukali. Mama anaamka mbele ya jua kutafuta maji ya moto kwa watoto wanaokwenda masomo. Baba anarudi kutoka zamu ya usiku, mwili umechoka. Hapo maulizo yanaanza ndani ya nyumba: "Tununue boila? Na kama tunanunua, ya litri ngapi?"

Boila tunayosema hapa ni lile pipa la chuma, lenye kuvikwa koti ya kuzuia joto, linalopasha maji kwa umeme na kuyatunza. Wengi wanafikiri kuichagua ni mambo ya feza tu: mwenye feza nyingi anunue kubwa, mwenye feza kidogo anunue ndogo. Si hivyo. Boila ndogo kupita kiasi inaacha watoto na sabuni juu ya kichwa. Boila kubwa kupita kiasi inakula umeme bure, inalemea waya na ukuta, na mara nyingi haipashi maji hata kidogo inavyotakiwa. Leo tujifunze kupima. Vipimo ni vitatu: jamaa, umeme na ukuta. Kisha tutasema juu ya kitu kidogo chenye kuokoa maisha, ambacho watu wengi wanakiziba bila kujua.

KISA CHA NYUMBA MBILI

Tuchukue mufano wa jamaa moja katika kartie ya watumishi. Baba anafanya kazi ndani ya kiwanda, mama analima mboga na kuuza, watoto ni 5. Wameweka feza kidogo kidogo mwaka muzima. Baba amekwisha kuchagua: litri 200, kwa sababu jirani yake ana ya litri 200. Lakini mama hakubali.

"Papa," anasema, "boila ya jirani iko kubwa, ni kweli. Lakini kila asubuhi bibi yake anakuja kwetu kuomba makala ya kupasha maji. Kama boila yao inafanya kazi, makala ni ya nini?"

Baba anakosa jibu. Basi wanamwita fundi wa umeme, mutu wa kartie wanayemujua. Fundi huyu hakuanza kwa kutaja bei wala duka. Alianza kwa kuuliza.

KIPIMO CHA KWANZA: JAMAA, NA NAMNA YAKE YA KUOGA

"Muzee, kwenu munaoga kwa ndoo ao kwa dushi?"

"Fundi, maji si maji?"

"Maji ni maji, muzee, lakini litri si zile zile."

Fundi anasema kweli. Dushi ya kawaida inatoa karibu litri 8 kwa dakika moja. Mutu akisimama chini yake dakika 5, ametumia litri 40. Lakini mutu mukubwa anayeoga kwa ndoo anatosheka na litri 20 hivi, na mutoto na litri 12. Watu ni wale wale 7, lakini angalieni hesabu:

Kwa ndoo: wakubwa 2 mara litri 20 ni 40. Watoto 5 mara litri 12 ni 60. Kuosha vyombo, litri 20. Jumla litri 120.

Kwa dushi: watu 7 mara litri 40 ni 280. Kuosha vyombo, litri 20. Jumla litri 300.

Hizi ni litri za maji ya vuguvugu, karibu degre 40, ambayo ngozi inapenda. Hayo si maji yanayotoka ndani ya boila. Boila inatunza maji kwa degre 60, na wewe unayachanganya na maji ya baridi ya robine. Wakati wa baridi tuhesabu kwamba maji ya tiyo ni degre 15. Hapo, kwa kupata litri 100 za vuguvugu, unatia litri 55 za moto na litri 45 za baridi.

Kwa kukumbuka bila karatasi, fanya hivi: chukua litri za vuguvugu, gawanya kwa 2, kisha ongeza sehemu ya kumi ya ile nusu. Kwa wale wa ndoo: nusu ya 120 ni 60, ongeza 6, unapata litri 66 za maji ya moto. Kwa wale wa dushi: nusu ya 300 ni 150, ongeza 15, unapata litri 165.

Hatujamaliza. Kila litri ya moto inayotoka juu ya boila, litri ya baridi inaingia chini yake. Kwa hiyo maji ya mwisho yanatoka yamekwisha kupoa. Usihesabu boila mpaka tone la mwisho: ongeza sehemu ya tano. Litri 66 zinakuwa karibu 80. Litri 165 zinakuwa karibu 200. Katika maduka boila zinauzwa kwa litri 30, 50, 80, 100, 150 na 200. Basi jamaa hii ikioga kwa ndoo inatafuta boila ya 80. Ikioga kwa dushi inatafuta ya 200. Watu ni wale wale, nyumba ni ile ile.

Fundi aliuliza tena: "Munaoga wote kwa wakati mumoja?"

Ulizo hili ni la maana sana. Boila haipimwi kwa maji ya siku nzima, inapimwa kwa ile saa ambapo watu wengi wanataka maji pamoja. Kama baba anaoga kule kwa kazi, mbele ya kuvaa nguo za kurudi nyumbani, mutoe katika hesabu. (Na anafanya vizuri kuoga kule: vumbi la madini lisibebwe katika nywele na nguo mpaka kwa watoto.) Kama watoto wawili wanaoga jioni, watoe vile vile. Kwa mufano wetu wanabaki mama na watoto 3 asubuhi: litri 20 na litri 36, pamoja na 20 za vyombo, ni litri 76. Nusu ni 38, ongeza 4, ni 42. Ongeza sehemu ya tano, unafika litri 50. Lakini boila ya 50 itawafaa tu ikiwa umeme unafika mara mbili kwa siku, ili ipashe maji mapya kwa wale wa jioni. Hilo linatuleta kwa kipimo cha pili.

KIPIMO CHA PILI: UMEME

Tangu zamani Katanga inapata umeme kutoka maporomoko yake: Mwadingusha na Koni, Nzilo na Nseke. Lakini leo migodi, viwanda na miji vinagawana umeme huo, na kartie nyingi zinaupata kwa zamu. Kwa hiyo mbele ya kununua boila, jiulize: umeme unakaa kwetu saa ngapi bila kukatika?

Hesabu yake si ngumu. Chukua litri za boila. Zidisha kwa degre ambazo maji yanapanda: kutoka 15 mpaka 60 ni degre 45. Gawanya kwa 860. Unapata kilowati-saa, zile zile kompteri inazohesabu. Kisha gawanya kwa nguvu ya rezistansi, yaani ule uzi wa chuma unaopasha maji. Nguvu yake imeandikwa juu ya boila. Wati 1,000 ni kilowati 1.

Boila ya litri 80: 80 mara 45 ni 3,600. Gawanya kwa 860, unapata 4.2 hivi. Kwa rezistansi ya wati 2,000, ni saa 2 na dakika chache.

Boila ya litri 200: 200 mara 45 ni 9,000. Gawanya kwa 860, unapata 10.5 hivi. Kwa rezistansi ile ile ya wati 2,000, ni saa 5 na robo.

Sasa tuseme umeme unakuja katika kartie yetu usiku, saa 4 tu, kisha unakatika. Boila ya 80 itakuwa tayari kabisa. Ya 200 itafika karibu degre 49 na kusimama hapo. Na usiku ambapo umeme unafika saa 2 tu, maji ya boila hiyo kubwa yatakuwa kama degre 32: mutoto atalia kwa baridi. Hapo tunaelewa kwa nini bibi wa jirani anaomba makala. Boila yake si mbovu. Ni kubwa kupita umeme wake.

Kuna ubaya mwingine wa maji yasiyofika moto wake. Maji yanayokaa siku nyingi katika degre 25 mpaka 45 yanalea vijidudu, hasa vile waganga wanavyoviita lejionela. Vinaingia ndani ya mapafu pamoja na manyunyu ya dushi na vinaweza kuleta ugonjwa mukali wa mapafu. Degre 60 inaviua. Kwa hiyo boila ndogo inayofika 60 ina afya kuliko kubwa inayobaki vuguvugu. Usiteremushe termostati chini ya 60 kwa kutaka kuchunga feza. Na usiipandishe juu zaidi pia, kwa sababu ngozi ya watoto itaumia, na chokaa ya maji itashika rezistansi upesi.

Jambo lingine: umeme wetu mara nyingi ni zaifu. Boila imefanywa kwa volti 220. Ikipata volti 180, rezistansi ya wati 2,000 inatoa karibu 1,340 tu. Saa 2 zinakuwa saa 3 na zaidi. Hesabu hilo pia mbele ya kuchagua.

Kisha angalia waya. Wati 2,000 kwa volti 220 ni ampere 9 hivi. Resho ya kupikia ya wati 2,000 ni ampere 9 zingine. Pasi ya wati 1,000 ni karibu 4 na nusu. Vitu hivi vitatu vikiwaka pamoja juu ya waya mumoja, umepita ampere 22. Kama disjontere ya waya huo ni ya 16, itaanguka, na inafanya vizuri: inakuambia kwamba waya umelemewa. Mutu anayeifunga kwa kipande cha waya wa shaba ili isianguke tena, amezima sauti ya anayemuonya. Waya utapata moto ndani ya ukuta na dari, wakati watu wamelala.

Kwa hiyo boila inataka mambo haya:

1. Waya wake peke yake kutoka kwa disjontere, si kushona juu ya waya wa rezo ya chumba. Kwa wati 2,000, fundi anatumia waya wa shaba wa milimetre 2.5.

2. Waya wa tere, wenye kuingia kweli ndani ya udongo. Maji na umeme ni ndugu wabaya. Rezistansi ikipasuka, tere na disjontere ya difransiyeli ya miliampere 30 ndizo zinazokata umeme mbele mutu hajafa chini ya dushi.

3. Usiwashe boila tupu. Fungua kwanza robine ya moto mpaka maji yatoke bila hewa. Rezistansi ikiwaka bila maji, inaungua kwa dakika chache.

KIPIMO CHA TATU: UKUTA

Litri moja ya maji ni kilo moja. Boila ya litri 80 ikijaa ina kilo 80 za maji, na juu yake uzito wa chuma. Inapita kilo 100. Ya litri 200 inapita kilo 200: ni kama kutundika watu watatu wazima juu ya ukuta, muchana na usiku, miaka na miaka.

Ukuta wa tofali za kuchoma, munene, wenye kujengwa vizuri, unaweza kubeba ile ya 80 kwa bulo ndefu zenye kupita upande wa pili. Ukuta wa tofali mbichi, ao ukuta mwembamba wa kugawanya vyumba, hauwezi. Boila ya 200 inafaa kusimama chini, juu ya musingi wa beto. Na popote inapokaa, usiiweke juu ya kitanda, juu ya mulango wala juu ya mahali pa kuogeshea mutoto.

Kama nyumba ni ya Kampani, usitoboe ukuta wala usiongeze waya bila kuwaambia wenye kutunza nyumba. Wao ndio wanaojua ukuta umejengwa namna gani na waya unapita wapi.

SUPAPE ISIZIBWE HATA SIKU MOJA

Fundi alipomaliza kupima, baba alimuomba waende kuangalia ile boila ya jirani. Jirani aliwapokea kwa furaha. "Iko nzuri, fundi, lakini ilikuwa inatona maji kila usiku. Nikaitengeneza mwenyewe."

Fundi akainama kuangalia. Chini ya boila, ndani ya mudomo mudogo wa shaba, kulikuwa kijiti kimechongwa na kupigwa nyundo mpaka ndani. Fundi hakusema neno. Alikata umeme kwanza, akafungua robine ya moto, kisha akawaomba watoto watoke ndani ya nyumba.

Ndugu wasomaji, kile kidude cha shaba ni supape ya usalama. Kazi yake ni hii: maji yakipata moto yanavimba. Litri 80 kutoka degre 15 mpaka 60 zinaongezeka karibu litri 1 na robo. Litri 200 zinaongezeka zaidi ya litri 3. Maji hayo hayana pa kwenda, kwa kuwa pipa limefungwa. Supape inafunguka kidogo inapofika bar 7 na kuyatoa. Kutona huko wakati boila inawaka si ugonjwa. Ni pumuzi yake. Weka chini yake tiyo ndogo inayopeleka maji nje, basi.

Lakini ukiziba? Siku termostati ikishikana na isikate umeme, maji yatapita degre 100 bila kuchemuka, kwa sababu yamebanwa. Pipa litavumilia, litavumilia, kisha litapasuka. Wakati ule maji yaliyobanwa yanageuka muvuke kwa nukta moja, na litri moja ya maji inaweza kuwa zaidi ya litri 1,600 za muvuke. Boila iliyopasuka hivyo inaangusha kuta. Ni bomu lenye kutundikwa ndani ya chumba cha kuogea.

Ninyi watumishi munajua jambo hili kupita wengine. Kule kwa kazi, pipa la hewa la kompresere lina supape yake. Ni nani kati yenu angethubutu kupiga kijiti ndani yake? Mukubwa wa kazi angesimamisha kazi yote siku ile ile. Basi sheria unayoishika kwa kazi, uishike nyumbani, ambako hakuna mukubwa wa kazi wa kukuangalia ila watoto wako.

Mara moja kwa mwezi, zungusha kitufe cha supape. Maji yatoke kwa nguvu, kisha yasimame. Yasipotoka, supape imeshikwa na chokaa: kata umeme na uibadilishe. Ikitona muchana na usiku, hata wakati boila imezimwa, mwite fundi. Pengine mukandamizo wa maji ya tiyo ni mukubwa, ao supape imezeeka. Lakini usizibe. Supape mupya ni bei kidogo kuliko vitu vyote vya nyumba.

MAJI YA MOTO NA NGOZI YA MUTOTO

Maji ya degre 60 yanachoma sana ngozi ya mutu mukubwa kwa nukta 5 hivi. Ngozi ya mutoto ni nyembamba, inaungua upesi zaidi. Kwa hiyo wazazi washike desturi hizi:

Ndani ya beseni tia maji ya baridi kwanza, kisha ya moto. Usianze na ya moto hata siku moja: mutoto anaweza kuanguka ndani wakati unageuka kuchukua ya baridi.

Pima kwa kiwiko cha mukono, si kwa vidole. Vidole vya mama vimezoea sufuria, havisemi kweli.

Usiache mutoto mudogo peke yake karibu ya robine ya moto, hata kama mutu anapiga hodi.

Mutoto akiungua, mara moja mwagia mahali pale maji ya baridi ya robine yenye kupita, dakika 20. Mutoe nguo na bangili, lakini usivute nguo iliyoshikana na ngozi. Funika mwili mwingine asishikwe na baridi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala majivu. Usipasue malengelenge. Funika kidonda kwa kitambaa safi, na umupeleke lopitali, hasa kama kidonda kinapita kiganja chake, ao kiko usoni, mikononi, ao sehemu za siri.

SIKU UMEME UKIKOSEKANA

Hata boila iliyopimwa vizuri haina kitu umeme usipofika. Siku hiyo tutarudi kwa mbabula na makala, kama wazazi wetu. Hakuna haya. Lakini pasha maji nje, ao mahali penye hewa ya kupita. Usiingize mbabula yenye kuwaka ndani ya chumba cha kuogea wala cha kulala, hata kama unaona moshi umekwisha. Makala mekundu yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wale wanaofanya kazi na baruti wanaijua: ni moja ya zile hewa zinazobaki kisha kulipua, na ndiyo sababu tunangoja hewa isafishwe mbele ya kurudi mahali pa kazi. Ndani ya chumba chenye kufungwa, inaua watu wakiwa usingizini.

WALICHAGUA NINI?

Jamaa ya mufano wetu inaoga kwa ndoo. Umeme wao unakuja mara moja, usiku, saa 4. Ukuta wa chumba cha kuogea ni wa tofali za kuchoma. Walinunua boila ya litri 80, ya wati 2,000, na feza zilizobaki walilipa waya mupya, tere na disjontere. Jirani alitoa kijiti, akaweka supape mupya na tiyo ya kupeleka maji nje. Boila yake kubwa aliibadilisha kwa ndugu yake anayekaa mahali ambapo umeme unakaa siku nzima. Sasa bibi yake haombi tena makala, na watu wa nyumba mbili wanalala vizuri.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Baba na mama, someni pamoja na watoto wakubwa, mujibu bila kuangalia juu.

1. Jamaa yenu inatumia litri ngapi za vuguvugu kwa ile saa ya watu wengi?

2. Gawanya kwa 2, ongeza sehemu ya kumi ya nusu, kisha ongeza sehemu ya tano. Umepata boila ya litri ngapi?

3. Umeme unakaa kwenu saa ngapi bila kukatika? Boila hiyo itamaliza kupasha maji mbele haujakatika?

4. Ina waya wake peke yake? Ina tere?

5. Ukuta utabeba kilo zake?

6. Supape inatona wakati boila inawaka. Ufanye nini? (Jibu: acha itone.)

Mwenye kujibu vizuri maulizo haya 6 anaweza kwenda dukani. Na mwenye boila tayari, leo jioni mbele ya kuoga, ainame aangalie chini yake. Akiona kijiti, kitambaa ao bulo ndani ya mudomo wa supape, akate umeme na amwite fundi. Asingoje kesho.